Siku sita kulifuata ua ninalouza: Muheza, mawe ya Tanga, mpaka Amani

Niseme mapema tusije tukadanganyana, mi si mtaalamu wa mimea, mi nauza maua pembeni ya barabara hapa Dar, mwaka wa tisa huu, viriba, vyungu, samadi, udongo wa kuchanganya, miche ya kivuli, ukitaka nyasi za kupanda nakuletea mpaka getini. Sasa kuna kaua kamoja huwa nakauzia maringo, wengi wanakaita vayoleti tu, kafupi, majani ya duara yana manyoya kama sikio la paka, maua zambarau na katikati kana vidoti viwili vya njano. Mteja akiuliza dada hili la wapi, najibu la Uholanzi. Miaka tisa, la Uholanzi, la Uholanzi, maana anayeniletea ndivyo alivyoniambia, halafu ukitaja Uholanzi mtu habishani sana na bei, anatoa elfu kumi na tano anaondoka kalikumbatia kama mtoto.

Mwezi wa nne kaja mzee mmoja na gari lake bovubovu, kauliza, nikajibu wimbo wangu uleule. Akacheka mpaka akavua miwani. "Uholanzi? Binti, hili ni la Tanga hili. Kwenu wapi?" Nikamwambia upande wa mama ni Wabondei wa Muheza. Akacheka zaidi, akalipa, akaondoka. Mi nikabaki nimesimama na elfu kumi na tano yake mkononi najiona mjinga.

Usiku nikaingia mtandaoni na kukesha. Kumbe kweli jamani. Ndo nikaamua nitaenda nilione kwao, na nilikuwa na sababu nyingine ya siri ambayo nitaisema huko mbele, msinihukumu.

SIKU YA KWANZA, JUMATANO

Basi la saa moja asubuhi stendi ya Magufuli, Mbezi. Mwishoni mwa mwezi wa tano, mvua za masika zinamalizia malizia, huku Dar jua lakini kuanzia Chalinze mbele wingu limetanda, Wami maji mengi, Mkata machungwa yanagongwa dirishani hata basi halijasimama vizuri. Nilikaa dirishani nikawa nasoma simu mpaka chaji ikashuka asilimia thelathini nikaogopa.

Nilichosoma kwa kifupi. Kipindi cha Wajerumani mkuu wao wa wilaya ya Tanga alikuwa anaitwa Walter von Saint Paul-Illaire, huyu alikuwa mtu wa kupenda mimea, mwaka 1892 akaliona ua hili kwenye mawe karibu na Tanga na vilevile kule juu Usambara, akamtumia baba yake Ujerumani. Baba akampelekea bwana mmoja wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen, Hannover, Hermann Wendland, naye mwaka 1893 akalipa jina Saintpaulia ionantha, yaani jina la ukoo wa huyo mkuu wa wilaya, na hilo neno la pili ni kwamba ua lake linafanana na vayoleti. Mwaka huohuo likaonyeshwa kwenye maonyesho ya maua Ghent, Ubelgiji, watu wakachanganyikiwa. Kuanzia hapo likazalishwa, likachanganywa, likaenda Marekani, California huko miaka ya ishirini na kitu wakatoa aina mpya nyingi, leo lipo la pinki, jeupe, la mikunjo mikunjo kama sketi ya ngoma, dirishani kwa bibi wa kila nchi ya baridi. Wajerumani mpaka leo jina lao ni vayoleti la Usambara. La Usambara! Na mimi wa Muheza nasema la Uholanzi.

Kilichonichekesha ni hiki. Huyo Saint Paul hakuwa wa kwanza kulichuma, kabla yake John Kirk, yule balozi wa Waingereza Zanzibar, alishapeleka sampuli bustani ya mimea ya Kew, London, mwaka 1884, na mwaka 1887 mmisionari W. E. Taylor wa Mombasa naye akapeleka, ila hazikutosha kuandikia maelezo kamili zikakaa tu. Sasa huyo Taylor ndiye yule aliyekuwa bingwa wa Kiswahili cha Mombasa, na huyo Saint Paul naye mwaka 1890 alishatoa kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Yaani wachumaji wawili kati ya watatu walikuwa watu wa lugha yetu, wanajua kuuliza "hili mnaliitaje", halafu ua likapewa jina la mzungu. Haya.

Segera tukakata kulia, Hale, Muheza saa nane na kitu. Mjomba kaja stendi na baiskeli yake ileile. Shikamoo mjomba. Marahaba mama, umenenepa. Nikamwonyesha picha ya ua kwenye simu, akaisogeza mbali akaivuta karibu. "Hiki? Si majani ya mawe haya, tulikuwa tunapita nayo tukienda kuvua. Wewe umetoka Dar kwa ajili ya hiki?" Nikamwambia mjomba hiki nakiuza elfu kumi na tano. Akanyamaza muda mrefu kidogo. Akasema na mawe yenyewe je, hayanunuliwi?

Tukala ugali na samaki wa nazi, nikalala saa mbili.

SIKU YA PILI, ALHAMISI

Asubuhi kosta ya Tanga, si mbali, saa moja hivi na kusimama simama kwake kote. Wazo langu lilikuwa nianze na ya chini, ya pwani, ndo nipande mlimani. Maana watu wakisikia Usambara wanafikiria baridi na ukungu tu, lakini hili ua linaanzia chini kabisa, kwenye misitu ya pwani isiyokauka majani, karibu na usawa wa bahari, kwenye miamba ya chokaa. Hata Kenya lipo, Kilifi kule kwenye miamba kama ya Cha Simba, na lingine ndugu yake lipo Taita, mlima Mbololo. Zaidi ya Kenya na Tanzania huko porini hulipati, dunia nzima.

Bodaboda mpaka mapango ya Amboni, kama kilomita nane kutoka mjini njia ya Horohoro. Nilishawahi kuja darasa la sita na shule, nakumbuka popo na mwalimu kupiga kelele. Popo bado wapo, na sehemu ya mizimu bado watu wanaacha vitu vyao, chupa za marashi, sarafu. Mhifadhi aliyetutembeza alikuwa kijana mpole, akamaliza hadithi zake za pango, nikamvuta pembeni nikamuuliza kaka, nasikia kuna maua fulani kwenye mawe. Akanitazama vizuri. "Nani kakwambia?" Nikasema nimesoma. Akauliza nafanya kazi gani, nikasema nauza maua. Hapo nilikosea, uso ukabadilika kabisa, ikanichukua nusu saa na soda mbili kumtoa wasiwasi.

Sitaandika tulipita wapi. Aliniomba na nimekubali, sababu yake nitaeleza. Niseme tu tulitembea, kuna mto, kuna msitu mnene wa bondeni, kivuli mpaka unasahau ni saa sita mchana, mizizi imekumbatia mawe kama vidole, na jiwe lenyewe si jiwe la kulainika, ni la chokaa lina meno meno, nimechanika suruali gotini. Unyevunyevu. Mbu wa kutosha.

Halafu akasema simama, angalia usawa wa kichwa chako.

Nikaangalia nisione kitu, ukijani tu ule laini unaoota kwenye mawe mabichi. Halafu jicho likazoea. Aisee. Yalikuwa yamejaa! Yamejipachika kwenye nyufa, ubavuni mwa jiwe, hayajakaa juu kama kwenye chungu, yametoka pembeni kama sahani zilizochomekwa kabatini, majani yamelala bapa kwenye jiwe, na maua machache, madogo kuliko ya kwangu, rangi ile ya zambarau ya bluu iliyopauka. Hamna mikunjo, hamna pinki. Petali tano, vidoti viwili vya njano, basi.

Nitasema kitu kama muuza maua. Malalamiko namba moja ya wateja wangu ni dada lile ua lako limeoza. Na mi siku zote nilikuwa nasema umelimwagilia sana, bila kujua kwa nini. Pale nikaelewa kwa macho yangu. Kile kiudongo kwenye ufa hakijai hata kijiko, ni majani makavu yaliyosagika na vumbi la jiwe, maji yanapita yanaondoka, hayatuami hata dakika, na kwa kuwa mmea umetoka kiubavu hata mvua ikinyesha haijai pale katikati kwenye kitovu. Sisi tunalipa chungu, udongo mweusi, sahani chini imejaa maji. Tunalizamisha. Na kwa nini linakubali kukaa ndani ya nyumba dirishani Ulaya wakati maua mengine yanakufa? Si ndo hivi, kwao mwanga wenyewe ni huu wa kuchungulia kwenye majani. Miaka tisa nafundisha watu kulitunza sijui hata linaishije.

Nikatoa simu. Kijana akasema ngoja, zima lokesheni kwanza. Ndo akanieleza, kuna watu wanakusanya hii mimea dunia nzima, ya porini ndo wanaitaka hasa, picha moja yenye ramani inatosha mtu akaja akakwangua jiwe zima. Na mawe yenyewe yana maadui wengine, watu wanayataka kwa chokaa na kokoto, na msitu ukikatwa hata jiwe likiachwa haliponi, jua likilipiga siku chache tu mmea unakuwa kama karatasi. Jiwe lipo, kivuli hakipo, ua hakuna.

Nikazima. Nimepiga picha kumi na moja, tisa zina ukungu.

Usiku nililala Tanga mjini, gesti yenye feni la kelele, nikala mihogo ya kukaanga barabarani na pweza.

SIKU YA TATU, IJUMAA

Hii siku ni ya matope, hamna kingine. Kurudi Muheza, kusubiri gari la Amani mpaka lijae, na lilijaa kweli, mifuko ya sukari, jenereta, kuku, wanafunzi, mimi nimepakata mtoto wa mtu ambaye mpaka tunafika sijui mama yake alikuwa nani. Lami iliishia mjini. Mvua ilipiga usiku, gari likazama mara mbili, mara ya pili tulishuka wote tukasukuma na mimi nimevaa raba nyeupe, naomba msiniulize rangi ya sasa. Konda anaimba. Safari ambayo kiangazi ni saa moja na nusu tulitumia nne.

Nikashuka Sigi, getini kwa hifadhi, jioni. Stesheni ya zamani ya Wajerumani bado ipo, walikuwa na tawi lao la reli lililokuwa linapanda huku kutoka kule Tengeni kufuata mbao. Reli hamna tena ila nyumba ipo na ukikaa barazani unasikia mto tu. Huo mto Sigi ndo unaotiririka mpaka bwawa la Mabayani, yaani watu wa Tanga mjini wanafungua bomba wanakunywa huu msitu. Nimelala kama gogo.

SIKU YA NNE, JUMAMOSI

Sasa ile siri.

Wanaojua vayoleti wanajua hauhitaji mche. Jani moja tu na kikonyo chake, unalichomeka kwenye mchanga, unafunika na nailoni, wiki sita mpaka nane vitoto vinachomoza pembeni. Jani moja linaweza kukupa vitoto vitano na zaidi. Kwa hiyo tangu Dar begi langu lilikuwa na kifuko cha nailoni na tishu za kulowesha, nimezikunja vizuri chini ya kanga. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kabisa, vayoleti asili ya Tanga, ya kwenye jiwe lenyewe, hamna mwingine anayo Dar nzima, hiyo siyo elfu kumi na tano, hiyo ni hamsini. Juzi pale Tanga nilikosa nafasi, kijana hakuniachia hata kidogo. Nikasema Sigi.

Mwongozaji wa Sigi alikuwa baba wa makamo, mabuti ya mvua, panga, hana maneno mengi. Tukaondoka saa moja asubuhi, mbega wanaunguruma kule juu, hondohondo wanapita na mabawa yao yanavuma kama mtu anakung'uta shuka. Huku si chokaa tena, miamba ni ile migumu ya mlimani yenye michirizi, vijito kila baada ya hatua chache, na majani ya iliki yanakunukia ukipita mashamba ya zamani. Hii hifadhi ya Amani ilitangazwa 1997, ndiyo hifadhi ya kwanza ya aina hiyo ya mazingira asilia nchini, na baba yule alikuwepo kabla, anakumbuka misumeno.

Yapo kando ya kijito, kwenye jiwe limeinama kama paji la uso, na maji ya mnyunyizo yanalifikia bila kulipiga. Mengi kuliko ya Tanga na majani mapana zaidi. Akanionyesha kitu ambacho naapa sikuwahi kukiona na hayo maua nimeyashika maelfu. Kile kijiti chembamba kinachotoka katikati ya ua hakikai katikati, kinainama. Ua hili kimeinama kushoto, jirani yake kimeinama kulia. Kama mikono miwili. Akasema nyuki akija kuchukua unga kwenye vile vidoti vya njano, kijiti kinamgusa ubavu mmoja, akienda kwenye ua la upande mwingine unga wa ubavu ule ndo unapokelewa. Nikauliza baba umejuaje, akasema nimetembea na wazungu wa kusoma miaka mingi, mwishowe unasikia.

Akasogea mbele kukata mti ulioanguka njiani. Nikabaki na jiwe. Nikachuchumaa, nikafungua begi, mkono umeshaingia chini ya kanga, kile kifuko cha nailoni jamani kikafanya kelele, hujui nailoni ina kelele kiasi gani mpaka uwe mwizi msituni.

"Hicho kifuko cha nini, dada?"

Hakugeuka hata. Anakata mti wake.

Nikasema cha takataka. Akasema ahaa, vizuri, maana watu wanatupa sana takataka. Tukaendelea. Mbele kidogo akaokota chupa ya plastiki akanipa niweke kwenye kifuko changu. Halafu karatasi ya biskuti. Halafu chupa nyingine. Kifuko kikajaa takataka kweli na mi nikakibeba mpaka getini uso umenivimba kwa aibu, na yeye wala hakucheka, hakusema neno, alinipa mkono akasema karibu tena.

SIKU YA TANO, JUMAPILI

Lifti ya pikipiki kupanda Amani, kona kama nyoka, juu baridi, chai imelala vilimani mpaka macho yanachoka. Nimeona ile bustani ya mimea ambayo Wajerumani walianza 1902 na taasisi yao ya utafiti, walipanda huku miti ya dunia nzima kujaribu. Mingine ilikaa kwa adabu, mingine kama Maesopsis ikatoroka ikaingia msituni na sasa ni shida. Nikawaza, walitoa kaua kadogo hapa kakatulia kwenye vyungu vyao, wakaleta mijiti yao ikatusumbua. Biashara gani hii.

Kwenye chai ya mchana nilikaa na kijana anayesomea misitu, akanivuruga kabisa. Anasema hili wala si vayoleti. Vayoleti wa kweli ni ukoo mwingine, Viola, na hao pia tunao, kuna Viola abyssinica kwenye milima yetu mirefu, kadogo kanatambaa. Hili letu limefanana rangi tu. Na hata jina Saintpaulia wameshalitoa, mwaka 2015 wataalamu wamelihamishia kundi la Streptocarpus baada ya kupima nasaba. Kwa hiyo la Uholanzi si la Uholanzi, vayoleti si vayoleti, Saintpaulia si Saintpaulia. Nikamuuliza sasa niandike nini kwenye kibao changu pale barabarani? Akasema andika bei.

Nilinunua iliki na pilipili manga, nikarudi zangu kwa gari la jioni, matope yalikuwa yamekauka.

SIKU YA SITA, JUMATATU

Basi la Dar lilikuwa mchana. Asubuhi mjomba akasema twende kwa bibi mmoja, jirani yake wa zamani, ana kitu. Nyumba ya udongo, baraza limefagiliwa mistari mistari. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu, karibu kigoda. Na pale barazani, upande usiopata jua, kwenye kopo kubwa la siagi lililotobolewa chini, ua lenyewe. La porini, si la duka, ile rangi nilikuwa nimeshaijua. Limezeeka, lina shingo ndefu kama kuku, kichwani majani na maua mawili.

Bibi akasema alilitoa kwenye jiwe akiwa mke mgeni, walipokuwa wanaenda kuchota maji upande wa chini huko. Jiwe lile sasa hakuna, lilivunjwa kokoto zote likaisha, pakabaki shimo, watoto wanaogelea mvua ikinyesha. Kila likizeeka anakata kichwa anachomeka upya, hajui miaka mingapi. Nikamuuliza analiitaje. Akaangalia kopo akaniangalia mimi. "Ua langu."

Mjomba alikuwa ameshamwambia kazi yangu. Sikuomba, naapa, baada ya lile la kifuko nisingethubutu. Akachuma mwenyewe majani matatu, kikonyo na yote, akayafunga kwenye jani la mgomba akalikunja kwa kamba ya mgomba. Nikataka kumpa hela akakataa, nikamwachia iliki zote. Akasema ukipata vitoto niletee kimoja, hili kopo likianguka sina lingine.

Nimesafiri nayo mapajani, Segera, Mkata, Wami, mpaka Mbezi, kila jirani anauliza umebeba chakula gani.

SASA HIVI

Hii naiandika wiki ya kumi. Jani moja lilioza (maji, mimi mwenyewe, na maelezo yangu yote yale), mawili yametoa vitoto, jumla saba, ukubwa wa sikio la panya. Nimeviweka kwenye vipande vya tofali lililotobolewa, vimelala ubavu. Cha bibi nimeshakitenga, nakipeleka mwezi wa kumi na moja. Vingine sijaamua, kwa sasa vipo nyuma chini ya turubai wateja hawavioni na wala hawavitaki, vidogo mno.

Na yale ya elfu kumi na tano yanaendelea pale mbele. Kila ua nikilishika siku hizi naangalia kijiti, kushoto au kulia, nimekuwa mgonjwa. Juzi kaja dada mmoja na mumewe, wamependeza, akaliinua la zambarau.

"Zuri. La wapi hili?"

Nikavuta pumzi. "La Tanga, dada. Muheza kule."

Akaligeuza akaangalia chini ya chungu, akamwangalia mumewe, akaniangalia mimi.

"La Muheza tu hapo? Basi chukua elfu saba."